Ohm ya Zamani ya Mzee Shiundu

"Rudia hapo," Inspekta Filister Nasike alisema. "Ulipomwonyesha ile koili, Mzee Shiundu alikuambia nini? Neno kwa neno."

Dalmas Amolo aliegemea ukuta wa chumba cha mahojiano. Siku za korokoroni zilikuwa zimemkausha uso, lakini mikono yake haikutulia. Ilikuwa mikono ya fundi wa mota, yenye vidole vilivyochubuliwa na waya, na kila aliposema neno koili vidole vilizunguka vyenyewe kana kwamba vinasuka.

"Alicheka, madam. Akasema nimemtengenezea ohm ya leo, na yeye anataka ya zamani. Akaniambia, 'Punguza waya kidogo.'"

"Ukajibu nini?"

"Nikamwambia, mzee, hii nimeipima, iko moja kamili. Nikikata waya nitaiharibu. Akazidi kucheka. Basi nikairudisha kwa begi nikaenda nayo. Hiyo ndiyo mlipata kwangu. Ile yake niliiacha mezani."

Koplo Ndungu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishusha pumzi kama mtu aliyechoshwa na mahubiri. "Yaani mteja anakataa kazi kwa sababu imetoka sawa sana. Hiyo uliisikia wapi, Dalmas?"

"Hata mimi sikuelewa, afande. Ndiyo maana siwezi kuisahau."

Nasike alifunga mahojiano, akatoka nje kwenye jua la Jumamosi, na kile kijisentensi kikatoka naye. Miaka mingi ya kuwasikiliza waongo ilikuwa imemfundisha jambo moja: mwongo hutunga kitu kinachoeleweka. Hakuna anayejitetea kwa hadithi ambayo hata yeye mwenyewe hawezi kuifafanua.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Mzee Timothy Shiundu, fundi mstaafu wa simu za reli, alikutwa amekufa Jumatatu asubuhi katika nyumba yake ya kupanga mtaani Sarang'ombe, kichwa kimegonga ukingo wa kitanda cha chuma. Mlango haukuvunjwa. Kitu kimoja tu kilikosekana: koili iliyofungwa ndani ya kasha la shaba, yenye ukubwa wa kikombe cha uji, yenye pembe mbili nene zilizokunjwa kuelekea chini, kipimo cha ohm, yaani cha ukinzani wa waya kwa umeme, cha mafundi wa simu wa zamani waliokuja na reli. Ubavuni ilikuwa imechongwa "1 OHM", kisha herufi B.A., kisha tarakimu 15.5. Jirani yake, Mama Amondi, aliiona mezani Jumapili baada ya kanisa. Alasiri ileile Dalmas akaja na begi, akaondoka na begi. Koili ikapatikana katika kibanda chake cha kusuka mota Kawangware.

Aliyewaelekeza polisi kwa Dalmas alikuwa Walubengo, muuza vitu vya kale wa hukohuko Kawangware, mtu wa kwao Mzee Shiundu, aliyelia waziwazi alipopewa habari za msiba. Alisema Dalmas ni hodari wa kuiga vitu. Hata akatoa koili yake mwenyewe, pacha wa ile, pembe kwa pembe na herufi kwa herufi, akadai ni nakala ambayo Dalmas alimtengenezea mwezi uliopita. Dalmas akakana. Alisema ametengeneza nakala moja tu maishani, na ni ya Mzee Shiundu.

Basi koili zote mbili zikapelekwa kwa kampuni moja ya kupima vifaa. Jibu likarudi limenyooka. Ile ya Dalmas: ohm 1.000. Ile ya Walubengo: ohm 0.988. Kituo kizima kikaona mambo ni wazi kama mchana. Kipimo halisi ni kile kilicho sahihi, na kilicho pungufu ni nakala. Dalmas alikuwa na mali ya marehemu. Koili ya Walubengo ikarudishwa kwa mwenyewe jana, na sahihi ya kuirudisha ilikuwa ya Nasike.

"Punguza waya kidogo," alijisemea akiwa karibu na gari. Waya ukipunguzwa, ohm hupungua. Moja ingeshuka chini ya moja.

Ingeshuka kuelekea 0.988.

Alisimama ghafla hadi Ndungu akamgonga mgongoni.

"Koplo, unamjua mtu yeyote anayepima umeme, lakini asiwe wa kupima tu? Namtaka anayejua vipimo vilitoka wapi."

Ndungu alikuna kidevu. "Kuna Mwongeli. Anafanya kazi maabara ya serikali ya vipimo. Tunaimba kwaya pamoja. Anaishi Nyayo Highrise."

Walimkuta Mwongeli kwenye veranda ya ghorofa ya tatu akianika mashuka, mikono imejaa povu. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya alto ambayo hata kwenye mazungumzo ilikaa chini. Alikausha mikono kwenye kanga, akachukua simu ya Nasike na kuikuza picha ya koili ya Walubengo.

Akauliza, "Nani alikuambia B.A. ni nini?"

"Walubengo alisema hajui. Sisi tulidhani ni jina la aliyeitengeneza."

"Mimi nilidhani ni digrii," Ndungu alisema.

Mwongeli hakucheka. Alikuwa ameshaingia ndani, na walipomfuata walimkuta akichakura rafu ya vitabu. "Ni jina la ohm yenyewe. B.A. kilikuwa chama cha wanasayansi huko Uingereza, zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita. Walijaribu kuamua ohm moja iwe kubwa kiasi gani, wakaiweka kwenye waya wa platinamu na fedha, wakagawa nakala duniani. Walijitahidi sana. Lakini walikosea kidogo. Ohm yao ilitoka ndogo kuliko walivyokusudia."

"Ndogo kiasi gani?" Nasike aliuliza.

"Ngoja." Alipata kitabu, akapitisha kidole kwenye jedwali. "Hapa. Moja ya B.A. ni sawa na 0.9866."

Nasike aliketi kwenye mkono wa kochi bila kukaribishwa.

"Kwa hivyo koili halisi ya zamani, ukiipima leo, haiwezi kusoma moja."

"Ikisoma moja kamili ndiyo uishuku. Ohm ya leo haitoki kwenye waya tena, Inspekta. Inatoka kwenye kijipande chembamba kilichogandishwa kwa baridi kali sana, kikawekwa ndani ya sumaku yenye nguvu. Hapo umeme unakataa kwenda hivihivi, unapanda kwa ngazi, na ngazi hizo ni zilezile Nairobi, Tokyo, popote. Hapa kwetu tuna resista, kifaa cha ukinzani, iliyolinganishwa na ngazi hizo. Mtu akisuka koili leo kwa mita ya leo, anasuka ohm ya leo."

"Ohm ya leo," Ndungu alirudia polepole, na Nasike akaona uso wake ukibadilika. "Mzee alimwambia ukweli."

"Na Dalmas ametuambia ukweli." Nasike alisimama. "Lakini ripoti inasema 0.988. Wewe unasema 0.9866. Wakili atauliza tofauti hiyo imetoka wapi."

"Imetoka kwa joto. Hiyo 15.5 iliyochongwa ni nyuzi za Selsiasi. Koili ni sahihi ikiwa kwenye joto hilo tu. Hao waliipima kwenye chumba cha kawaida. Waya wa platinamu na fedha ukipata joto, namba inapanda. Iweke kwenye baridi yake na itashuka." Akafunga kitabu. "Koili iko wapi?"

Nasike alikuwa tayari anapiga simu. Dukani kwa Walubengo aliitikia kijana anayemsaidia kuuza. Bosi yuko, akasema, ila ana haraka. Mtu wa kusafirisha vifurushi anakuja kuchukua mzigo wa ng'ambo mchana huu.

"Una vifaa vya kubeba?" Nasike aliuliza, simu bado sikioni.

"Vya safari, viko maabara. Tupitie hapo."

"Koplo, nenda kituoni ukachukue ile koili ya Dalmas. Isainie, usifungue muhuri. Tukutane Kawangware."

Duka la Walubengo lilikuwa upande wa Kawangware uitwao Congo, limebanwa kati ya kinyozi na duka la kuchoma samaki. Ndani kulikuwa na pasi za makaa, redio za mbao, saa zisizokwenda, na taa za reli zilizoning'inia darini. Walubengo mwenyewe, mwanamume mnene wa miaka hamsini hivi aliyevaa fulana yenye utepe mweusi wa msiba kifuani, alikuwa akifunga kisanduku kwa utepe wa gundi.

"Karibu, madam. Pole kwa kazi. Tumefika wapi na yule muuaji?"

"Tunamalizia, Mzee Walubengo. Hiyo ndiyo koili?"

Mkono wake ulitua juu ya kisanduku. "Hii nakala tu. Kuna mteja anapenda mapambo."

"Tunataka kuipima mara moja tena. Faili isije ikarudishwa na mwendesha mashtaka."

Walubengo alitabasamu na kukata utepe mwenyewe. "Pimeni. Mlipima mkaona haifiki hata ohm moja. Dalmas alinipunja, na mimi sikulalamika."

Mwongeli alipanga vifaa vyake kwenye kaunta: kisanduku cha kupimia chenye kioo cha namba, kipimajoto chenye ncha ndefu, mkebe wa chuma uliojaa mafuta safi, na beseni. Alishika koili kama mtu ashikavyo kifaranga, akaunganisha waya nne kwenye zile pembe na kuitosa ndani ya mafuta. Namba ziliyumba, zikatulia: 0.9892.

"Si niliwaambia," Walubengo alisema.

Koplo Ndungu aliingia akihema, mfuko wa ushahidi mkononi. Mwongeli akamwambia, bila kuinua kichwa, "Koplo, nipatie barafu. Jaza beseni."

"Ya nini barafu?" Walubengo aliuliza.

Lilikuwa swali dogo, lakini lilitoka haraka mno, na Nasike akaacha kutazama mashine akamtazama yeye. Tabasamu lilikuwa palepale. Jasho ndilo lilikuwa geni.

Ndungu alirudi kutoka kwa wauza samaki na barafu iliyonuka sato. Mwongeli aliuzamisha mkebe kwenye beseni, akaanza kukoroga mafuta taratibu. Joto likaanza kushuka, na namba zikashuka nalo. 0.9889. 0.9885. Nje boda boda zilikuwa zikipigiana honi, na humu ndani watu wanne walikuwa wameinamia kioo kidogo kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. 0.9880. 0.9876. Nasike alijikuta amekunja ngumi. Nyuzi ishirini na mbili, ishirini, kumi na nane. Namba ilikuwa ikitembea kuelekea mahali ilikozaliwa, na kila ilipopiga hatua alimwona Dalmas akisogea mlangoni mwa korokoro.

Kipimajoto kilifika 15.5. Mwongeli akaondoa barafu, akaendelea kukoroga, akasubiri.

0.9871.

Namba ilisimama hapo.

Mwongeli alikunja uso. Aliangalia waya zake moja moja, akagusa kipimajoto, akasubiri tena. 0.9871. Ilipaswa kuwa 0.9866, na pengo lilikuwa dogo, lakini wakili angepita hapo na lori.

Walubengo alivuta pumzi ndefu, na ahueni ikamlegeza ulimi. "Madam, umejisumbua. Ohm ya B.A. ni 0.9866. Hiyo si 0.9866. Hiyo ni takataka ya Dalmas."

Nasike aliinua macho kutoka kwenye kioo cha namba.

"Sema tena," Nasike alisema kwa upole.

"Nasema hiyo si..."

"Jumanne uliandika taarifa kwamba hujui B.A. ni nini. Leo tangu tuingie hapa hakuna aliyetamka B.A. Wala hakuna aliyetaja 0.9866." Alisogea hatua moja. "Ni nani aliyekufundisha namba hiyo, Mzee Walubengo, na ulihitaji kuijua kwa nini kama hili ni pambo tu?"

Walubengo alirudi nyuma hadi akagonga redio za mbao.

Hapo ndipo Mwongeli alipojipiga paji la uso kwa kiganja. "Nimeruka hatua. Inspekta, nimeruka hatua." Alinyakua kalamu, akaandika nyuma ya ganda la utepe. "Hiyo 0.9866 ni sahihi, lakini haikuandikwa kwa ohm ya leo. Jedwali limeandikwa kwa ohm ya kimataifa, ile ya zebaki, iliyotumika hadi katikati ya karne iliyopita. Ilikuwa kubwa kidogo kuliko yetu. Lazima uvuke mara mbili. Kutoka B.A. kwenda ya zebaki, kisha kutoka ya zebaki kuja ya leo. Zidisha 0.9866 kwa 1.0005."

Ndungu alikuwa ameshaifanya hesabu hiyo kwa simu. Akageuza kioo wote waone.

0.9871.

Nasike alishindwa kujizuia, akacheka mara moja, kicheko kifupi cha mtu aliyeshuka kilima bila breki na kufika salama. "Sasa hiyo nyingine," alisema.

Mwongeli alikata muhuri mbele yao wote, akatosa koili ya Dalmas kwenye mafuta yaleyale. 1.000. Akaiweka barafuni. Walisubiri. Joto likashuka, namba isitikisike hata kidogo.

"Huu ni waya wa kisasa," Mwongeli alisema. "Wa kwenye vipasha joto. Umetengenezwa usijali baridi wala jua. Ile yako, mzee, imetembea njia yote ya waya wa platinamu na fedha. Huo waya hauuzwi Kawangware. Dalmas hangeweza kuupata hata angetaka."

Nasike alimgeukia Walubengo. Hakupaza sauti. "Mama Amondi aliiona koili halisi mezani kwa Mzee Shiundu Jumapili baada ya kanisa. Koili halisi ni hii, na imetoka kwenye sanduku lako. Haikuwa kwako mwezi uliopita. Ulifika kwa mzee baada ya Dalmas kuondoka. Akakufungulia kwa sababu wewe ni mtu wa kwao."

Walubengo aliketi juu ya redio ya mbao, nayo ikalalamika chini yake. Aliitazama ile koili ikichuruzika mafuta.

"Miaka yote nimemwomba," alisema hatimaye. "Akasema haiuzwi, ataiacha kwa makumbusho watoto waione. Jumapili akanisimulia nakala ya Dalmas aliyoikataa, mimi nikaichukua hii nikamwambia basi, nimechoka. Akanishika mkono. Madam, alikuwa na nguvu yule mzee. Nilimsukuma aniachie tu. Nikasikia kitanda."

"Alikuwa anapumua ulipotoka?"

Walubengo aliinyoosha mikono yake mwenyewe. Ndungu akachukua pingu kiunoni.

Dalmas alitoka korokoroni jioni jua likiwa bado juu ya mabati. Nasike mwenyewe alimkabidhi kamba za viatu na mshipi, akamwomba msamaha kwa maneno machache, kwa kuwa mengi yangekuwa ya kujifurahisha yeye. Dalmas alifunga viatu taratibu. Hakuuliza aliyekamatwa ni nani.

"Mzee amezikwa?"

"Bado. Wanamsafirisha nyumbani kesho. Matanga iko Sarang'ombe."

"Nipelekeni huko."

"Dalmas, wengi hawajasikia. Nenda kwako uoge, upumzike."

"Nimekaa ndani siku zote hizi watu wakisema nimemuua. Nikienda kwangu kwanza, nitakuwa nimejificha."

Nasike alitembea naye kutoka barabarani, hatua moja nyuma. Chini ya turubai watu walikuwa wakiimba kwa Kiluhya, akina mama wamekaa kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya plastiki. Mwanamume mmoja akamwona Dalmas na kunyamaza. Ukimya ukapita safu hadi safu mpaka wimbo ukafa wote. Kijana mmoja akainuka. Nasike akafungua mdomo kusema yeye ni nani na amekuja kusema nini.

Lakini Hope, binti wa marehemu, alikuwa ameshapigiwa simu na Ndungu. Alitoka kando ya meza yenye picha ya babake, macho yamevimba, akapita katikati ya watu. Alichukua kiti kilichokuwa mbele kabisa, kile cha familia, akakifuta vumbi kwa ncha ya leso yake na kumwekea Dalmas.

"Keti," alimwambia. "Baba alikuwa akisema una mikono mizuri."

Dalmas aliketi, akafunika uso kwa mikono hiyo, na mama mmoja kwenye mkeka akauinua wimbo tena.